Wafanyabiashara walipojifyatulia chenji wenyewe: walituokoa au walitupiga?

#1 Mtunza Leja

Wakuu, salaam.

Naleta hoja, mawe mtanirushia baadaye. Tumekaririshwa kwamba kutengeneza pesa ni kazi ya dola na mtu binafsi akijaribu anafungwa. Sasa tazameni Uingereza. Mara tatu chenji ndogo iliadimika kiasi kwamba wauza bia, wauza vitambaa na wenye migodi wakaamua kugonga sarafu zao wenyewe, zinazoitwa tokeni. Mara ya kwanza 1648 hadi 1672, ya pili 1787 hadi 1797, ya tatu kuanzia 1811 hadi bunge lilipozipiga marufuku 1817. Zilikuwa na jina la mwenye biashara, mji wake na picha ya kazi yake: mshumaa, mkasi, pipa. Watu walizipokea na maisha yakaendelea.

Dai langu ni hili: sarafu hizo, hasa za awamu ya pili, zilikuwa bora kuliko za mfalme, na serikali ilizinduka baada ya kuona aibu. Swali: dola yenye manowari kila bahari ilishindwaje kutengeneza kipande cha shaba cha kununulia mkate?

#2 Popo wa Mchana

Nimefungua mbio nikidhani ni tokeni za umeme. Basi, nimeshakaa, endeleeni.

#3 Mchumi Jongoo

Haikushindwa, haikutaka. Kwa wakubwa wa kiwanda cha sarafu pale Mnara wa London, dhahabu na fedha ndizo zilikuwa kazi ya heshima. Shaba waliiona uchafu. Kuanzia 1775 hadi 1797 hawakutoa sarafu ya shaba kwa ajili ya Waingereza. Miaka 22, na huo ndio wakati viwanda vinaota kama uyoga.

Hiyo ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni fedha, yale madini yenyewe. Mwaka 1717, Isaac Newton akiwa msimamizi wa kiwanda hicho (ndiye huyohuyo wa mvutano wa dunia), sarafu ya dhahabu iitwayo gini ilipangiwa shilingi 21. Kwa kiwango hicho dhahabu ilithaminiwa kupita kiasi na fedha ikapunjwa. Mwenye fedha angeipelekea nini kiwandani wakati nje ya nchi inanunua zaidi? Shilingi nzito zikayeyushwa na kusafirishwa hadi Asia, zikabaki zile zilizosuguka hadi uso wa mfalme hauonekani. Kwa hiyo juu una dhahabu ambayo ujira wa wiki nzima wa kibarua hauifikii, chini una shaba mbovu, katikati hakuna kitu.

Mwanahistoria Carlo Cipolla aliliita jambo hili tatizo kubwa la sarafu ndogo. Lilizisumbua nchi za Ulaya kwa karne kadhaa, si Uingereza peke yake.

#4 Kichwa Maji

Mnazunguka mbuyu. Sababu ni feki tu. Mwaka 1787 kiwanda chenyewe kilikagua nusu peni zilizokuwa mtaani kikakuta asilimia 8 hivi ndizo zenye kufanana angalau kidogo na sarafu halali ya mfalme. Nyingine zote ni za vichochoroni. Ukiongeza sarafu nzuri kwenye maji machafu kama hayo, zinazolewa, zinayeyushwa, zinarudi zikiwa feki tatu. Hata ningekuwa mimi ningefunga mitambo.

#5 Bint Karani

Mimi sijui historia, ila nimewahi kuwa "kiwanda cha sarafu".

Niliendesha kantini ya chuo fulani. Saa nne asubuhi wanafunzi mia mbili wanakuja na noti, kila mmoja anadai chenji ambayo sina. Nikakata kadi ngumu vipande vidogo, nikapiga muhuri wa kantini, nikaweka sahihi yangu kwa wino wa kijani. Ukikosa chenji unachukua kadi, kesho unakuja nayo. Wiki mbili za kwanza raha tupu. Wiki ya tatu nikagundua kadi zinazorudi ni nyingi kuliko nilizotoa. Kijana mmoja alikuwa na kalamu ya kijani na mkono mwepesi. Sahihi yangu aliiandika vizuri kuliko mimi.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba wanafunzi walikuwa wanalipana madeni kwa zile kadi hostelini. Kuna fundi viatu nje ya geti alizipokea, akaja siku moja na rundo lake anataka pesa. Yule mzee hakuwahi kununua hata andazi kwangu. Nikamlipa, lakini moyo ulinienda mbio: hivi wengine wako wapi?

#6 Mtunza Leja

Bint Karani, hapo umeeleza karne mbili za historia kwa aya mbili. Huyo fundi viatu ndiye kiini cha mambo. Ulimlipa, ndiyo maana kadi zako zilikuwa pesa.

#7 Bint Karani

Nilimlipa kwa sababu alikuwa na nyundo, kaka.

#8 Fundi Mizani

Mimi ni mtu wa kupima, hivyo nakuja na uzito.

Sarafu iliyofungua awamu ya pili ni ile inayoitwa "Druid", yaani kuhani wa kale wa Waselti, ya 1787, ya kampuni ya mgodi wa shaba wa Parys kule kisiwa cha Anglesey, Wales. Mwenye usukani alikuwa Thomas Williams. Upande mmoja kuna kichwa cha mzee mwenye ndevu na kofia ya joho lake, kuzungukwa na taji la majani ya mwaloni. Upande wa pili herufi za kampuni zimefumwa pamoja, na maneno ya ahadi kwamba mwenye kuishika atalipwa peni moja. Ukingoni yamechongwa maeneo ya kulipwa: London, Liverpool au Anglesey. Peni za mwanzo zilikuwa na uzito wa aunsi moja, yaani gramu 28 na ushee, shaba halisi.

Linganisha na nusu peni feki za wakati ule, nyepesi kama kifuniko cha soda. Kibarua hakuhitaji kujua kusoma, kiganja kilimwambia.

Kwa hiyo kwenye ubora niko na Mtunza Leja. Hata mwanauchumi George Selgin ameandika kirefu kutetea upande huo. Ila asituambie kwamba ni huruma. Williams alikuwa na mlima wa shaba anautafutia soko.

#9 Wakili wa Kona

Asante Fundi kwa sentensi ya mwisho, ndiyo niliyokuwa naisubiri.

Mwingine ni John Wilkinson, tajiri wa chuma. Tokeni zake zilitoka 1787 hadi 1795, na pale anapokaa mfalme aliweka kichwa chake mwenyewe. Sasa vaa viatu vya kibarua. Jumamosi jioni bosi anakulipa kwa vipande vyenye sura ya bosi. Ukienda mji wa tatu huko, muuza unga anakukatia kidogo kwa sababu hamjui huyo bosi. Ukitaka thamani kamili, rudi ulikotoka. Na mara nyingi duka la karibu kabisa linalopokea bila maneno ni la bosi au la shemeji yake.

Bunge la Uingereza lilitunga sheria nyingi dhidi ya kulipa ujira kwa bidhaa badala ya pesa. Halikufanya hivyo kwa kukosa shughuli. Mnasema sarafu ya mfanyabiashara, mimi naona kamba.

#10 Mchumi Jongoo

Wakili, usichanganye mambo mawili. Kulipa kwa bidhaa ni jambo moja, na tokeni yenye ahadi ya kukombolewa kwa pesa halali ni jingine. Zote zilikuwepo, na zipo tokeni zilizosimama katikati, hapo nakubali. Lakini Wilkinson alilipa kwa vipande vyake kwa sababu hakukuwa na vya mfalme. Unadhani waajiri walipenda? Wengine waliwalipa watu kwa makundi: wafanyakazi kadhaa mnapewa gini moja mkaigawane wenyewe. Mnaigawania wapi? Baa. Ndipo nusu ya ujira inaishia hapo.

Na Mtunza Leja nikurekebishe. Awamu ya kwanza haikuzaliwa na uzembe pekee. Kabla yake James I alimpa Lord Harington, mwaka 1613, kibali cha kutengeneza robo peni za shaba, nyembamba kama gamba la samaki. Watu walizichukia, na bunge likazisimamisha 1644 katikati ya vita na mfalme. Kwa hiyo tokeni za 1648 ziliingia kwenye pengo lililoachwa na mradi wa mtu binafsi mwenye baraka za ikulu. Hiyo inakukaa vipi kwenye hoja yako?

#11 Mtunza Leja

Inanikaa vibaya, nakiri. Ila ukiritimba wa kupewa na mfalme na mwenye duka anayelinda jina lake kwa majirani si kitu kimoja.

#12 Ngamia Mzee

Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba.

Nina kitu hapa. Marehemu mjomba alikuwa baharia, aliacha kopo la vifungo na sarafu. Ndani yake kuna kipande cha shaba ya njano, kidogo kama ukucha wa dole gumba, chembamba. Upande mmoja katikati kuna herufi mbili na kitu kama ua katikati yake. Pembezoni kuna maandishi lakini yamekula kutu ya kijani, naona mwisho tu: BVRY. Nilidhani ni kampuni ya watu wawili. Ni ya kizazi gani hii? Nataka niisugue kwa ndimu ionekane vizuri.

#13 Fundi Mizani

NGAMIA WEKA CHINI HIYO NDIMU.

#14 Popo wa Mchana

Mzee wa watu kashtuka hadi ngamia wake.

#15 Fundi Mizani

Samahani kwa kelele, mzee wangu, shikamoo. Ni kwamba niliwahi kuharibu moja hivyohivyo. Nilikuwa na nusu peni ya 1794, rangi ya kahawia iliyotulia kama ganda la embe. Nikaisugua kwa ndimu na chumvi ing'ae. Iling'aa kweli, rangi ya waridi kama fizi za mtoto, na ndani ya wiki ikaingia madoa meusi yasiyotoka. Aliyekuwa ainunue aliitazama mara moja akanirudishia.

Loweka kwenye maji yaliyochujwa, yale ya betri ambayo hayajatiwa asidi. Siku mbili, tatu. Kisha kijiti cha mti, taratibu.

Na BVRY ni BURY, wakati ule U waliichonga kama V. Miji ya Uingereza inayoishia hivyo ni mingi, kwa hiyo bado hatujafika. Hiyo ni awamu ya kwanza, miaka ya 1648 hadi 1672. Kawaida herufi huwa tatu zimekaa pembe tatu: ya juu ni jina la ukoo, ya chini kushoto jina la mume, ya kulia jina la mke. Ndiyo, mke alikuwamo kwenye sarafu. Tafuta ya juu, huenda imejificha kwenye kutu.

#16 Sululu

Mmekwama Uingereza kana kwamba dunia iliishia Dover. Twende Marekani.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vimeanza 1861. Mwisho wa mwaka huo mabenki yakaacha kulipa dhahabu na fedha. Mwaka 1862 kila mwenye sarafu ya fedha akaifukia, halafu hata senti zikapotea. Watu wakaanza kununua bidhaa kwa stempu za posta! Fikiria stempu yenye gundi mgongoni, mkononi mwa mtu anayetoka jasho. Mtu mmoja, John Gault, akapata hataza Agosti 1862 ya kuifungia stempu ndani ya kasha la shaba lenye kioo cha maika mbele, na nyuma ya kasha akauza nafasi ya tangazo la biashara.

Wengine hawakusubiri posta. Wakagonga vipande vya shaba ukubwa wa senti, mamilioni kwa mamilioni, vinavyokadiriwa kufika milioni 25. Vingine vina jina la duka, vingine bendera na maneno ya uzalendo. Kuna kimoja kina amri ya waziri wa fedha Dix kwamba atakayejaribu kuishusha bendera apigwe risasi papo hapo, lakini mchongaji akakosea, badala ya SPOT akaandika SPOOT. Kikatoka hivyohivyo.

Na ujanja wa kisheria sasa: vingi vimeandikwa ONE CENT kwa herufi kubwa, na juu yake NOT kwa herufi za chungu. Unasoma "senti moja", hakimu anasoma "si senti moja".

#17 Wakili wa Kona

Hahaha hiyo NOT naiheshimu kitaaluma.

Lakini Sululu malizia na habari ya Lindenmueller, usiruke. Mwenye baa New York, alitoa tokeni zaidi ya milioni moja. Kampuni ya reli ya mtaani ya Third Avenue ikawa inazipokea kwa abiria kama nauli. Zikawajaa. Wakampelekea awalipe, akakataa. Inasimuliwa kwamba aliwacheka. Hawakuwa na pa kushtaki, hakuna sheria iliyomlazimisha. Mwaka 1864 bunge likafunga mlango: Aprili 22 kwa vipande vya senti moja na mbili, Juni 8 kwa sarafu zote za watu binafsi.

Huyo ndiye mfanyabiashara wenu anayelinda jina lake kwa majirani.

#18 Kichwa Maji

Subirini. Kwa mfano huo wa Marekani, tatizo halikuwa kiwanda kulala. Sarafu zilitengenezwa, zipo, watu wamezificha. Kwa hiyo nabadilisha: sababu ni hofu. Mtu akiona kesho haieleweki anashika kilicho na chuma ndani yake na kutoa karatasi.

#19 Popo wa Mchana

Kichwa Maji kwenye #4 ilikuwa "ni feki tu". Tufike #40 itakuwa majini.

#20 Bint Karani

Nimesoma kidogo baada ya ule mjadala wa kadi zangu. Italia miaka ya 1970 haikuwa na vita, na bado chenji ilipotea kabisa. Kwanza wauza duka wakatoa peremende. Halafu stempu. Halafu vile vidude vya kupigia simu ya umma, vyenye mfereji, ambavyo wakati huo vilihesabika lire 50 kila kimoja. Mwisho wa 1975 benki zikaanza kutoa hundi ndogo ndogo za lire 50, 100, 150 na kuendelea, zimechapwa kwa rangi kama tiketi za bahati nasibu. Kisheria ni hundi, kimaisha ni noti. Ziliendelea hadi 1978.

Na sababu zilizotolewa na watu? Kuna uvumi uliovuma sana kwamba sarafu za Italia zinapelekwa Japani kutengenezewa makasha ya saa za mkononi. Wengine wakasema vifungo. Wengine wakasema kiwanda cha serikali hakina mitambo ya kutosha. Wengine wakasema mfumuko wa bei. Wengine wakalaumu benki zenyewe kwamba zinapenda, kwa sababu hundi nyingi zitachakaa na kuraruka zikiwa hazijadaiwa, na zisizodaiwa ni faida.

Hilo la mwisho liliniuma, maana kuna kadi za kantini ambazo mpaka leo hazijarudi. Chuo kilipofunga kantini nilibaki na pesa ya watu.

#21 Wakili wa Kona

Mtuhumiwa amekiri mwenyewe. Sina swali zaidi.

#22 Mchumi Jongoo

Acheni Bint Karani. Amegusa jambo nililotaka kulisema tangu mwanzo: sarafu ndogo zina tabia ya kwenda upande mmoja. Mwajiri anazihitaji Jumamosi. Jumapili zimeshafika kwa muuza bia na muuza mkate. Muuza bia anamlipa mtengenezaji bia. Huyo wa mwisho amekalia magunia, na hakuna anayetaka kuyapokea kwa deni kubwa. Watengenezaji bia wa London walilalamika wamejaa shaba, na wakati huohuo wenye viwanda vya kaskazini wanalia hawana hata ya kulipia watoto wa kufagia.

Kiwanda cha mfalme kilifanyaje? Ukitaka shaba, njoo London uichukue, gharama ya kusafirisha ni yako. Ikikuzidi, usiirudishe. Tokeni ya Williams ilikuwa na njia ya kurudi nyumbani. Kwangu hiyo ndiyo tofauti kubwa kuliko uzito na uzuri wa ndevu za yule mzee. Uhaba ulikuwa wa mahali, si wa idadi.

#23 Kichwa Maji

Hiyo nzuri. Naihamia.

#24 Fundi Mizani

Mimi siihamii yote. Mmesahau mtambo.

Matthew Boulton kule Soho, Birmingham, aliunganisha mashine za kugonga sarafu na injini ya mvuke ya mwenzake Watt mwishoni mwa miaka ya 1780. Tangu 1789 aliwagongea Williams na Wilkinson tokeni zao. Vipande vikawa mduara kamili, kimoja kama kingine, kazi ambayo mwigaji wa kichochoroni anahangaika nayo. Mwaka 1797 serikali ikampa kazi, akatoa zile peni za aunsi moja na peni mbili za aunsi mbili. Ukingo mpana ulioinuka, maandishi yamezama ndani, ndiyo maana zikaitwa gurudumu la mkokoteni. Peni mbili ina kipenyo cha milimita 41. Mfukoni ni jiwe.

Ushahidi wangu: nilinunua peni mbili kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni. Picha safi. Ilipofika nikaiweka kwenye mizani ya jikoni: gramu 47. Inatakiwa 56 na pointi, hata ikichakaa haiwezi kupoteza zote hizo. Nikatazama ukingo kwa kioo, kuna mshono mwembamba umezunguka pande zote, kama wa sufuria ya kusubu. Ni nusu mbili za kalibu. Hivyo hata karne ya ishirini na moja mizani ndiyo inayosema.

#25 Msomaji Kimya

Nimesoma uzi huu tangu jana bila kuingia, naomba niharibu kidogo.

Mtunza Leja, nyingi ya tokeni nzuri za miaka ya 1790 unazozisifia hazikuwa chenji. Kufikia 1794, 1795, watu walikuwa wanazikusanya kama vijana wanavyokusanya kadi za wachezaji. Watengenezaji wakajua. Wakawa wanachukua kalibu ya mbele ya tokeni moja na ya nyuma ya nyingine, wanagonga "aina mpya", wanawauzia wakusanyaji. James Conder wa Ipswich akachapisha orodha yake 1798, ndiyo maana mpaka leo zinaitwa kwa jina lake. Na Thomas Spence, muuza vitabu London, alizifanya mahubiri ya siasa, anatetea ardhi iwe ya wote. Kuna zenye paka, kuna zenye mtu aliyenyongwa. Muuza mkate hakuhitaji mtu aliyenyongwa ili atoe chenji.

Tena zilikuwepo nyepesi zenye ahadi ya uongo: ukingoni pameandikwa zinalipwa mji fulani bila jina la mtu yeyote wa kulipa. Na tokeni za kweli nazo ziliigwa. Waigaji hawakuwa na upendeleo.

#26 Mtunza Leja

Msomaji Kimya, ungeendelea kukaa kimya.

Sawa, napunguza dai. Si zote zilikuwa bora. Zilizokuwa na mtu anayejulikana nyuma yake, ofisi inayojulikana, na uzito wa haki, zilikuwa bora kuliko za mfalme. Na lile la aibu nalirudisha mfukoni. Februari 1797 Benki ya Uingereza iliacha kulipa dhahabu kwa noti zake, ndiyo maana serikali ikahangaika haraka, hadi kupiga chapa ndogo ya kichwa cha mfalme wao kwenye dola za Hispania. Shingoni mwa mfalme wa watu! Kwa hiyo lilikuwa jambo la dharura, si la aibu.

#27 Mchumi Jongoo

Na bado awamu ya tatu ikaja 1811, pamoja na peni zote za Boulton. Bei ya shaba ilipanda, zile za aunsi nzima zikawa na shaba ya thamani kuliko jina lake, zikaingia tanuruni. Sarafu ikiwa nyepesi inaigwa, ikiwa nzito inayeyushwa.

#28 Sululu

Na Zimbabwe? Walipoanza kutumia dola ya Marekani 2009 noti zilikuja, sarafu hazikuja, nani asafirishe mzigo mzito wa thamani ndogo. Maduka yakatoa vikaratasi, peremende, kalamu. Sarafu zao za "bond" zilikuja Desemba 2014. Hapo hakuna feki, hakuna hofu ya vita, hakuna mvuke. Ni ile ya Jongoo, njia.

#29 Kichwa Maji

Hofu ipo Sululu. Baada ya mfumuko ule nani angeamini sarafu mpya ya serikali? Nimerudi kwenye hofu.

#30 Wakili wa Kona

Mtu achukue namba za kuhama kwa Kichwa Maji.

Mimi swali langu halijajibiwa na yeyote: siku ya marufuku, tokeni zilikuwa mikononi mwa nani? Mwenye kiwanda alikuwa ameshauza shaba yake kwa thamani ya jina. Zilizobaki mtaani zilikuwa za mama muuza mboga.

#31 Fundi Mizani

Za uzito wa haki alizipeleka kwa wanunua shaba. Za uzito wa uongo ndiyo, zilimfia. Narudi palepale, mizani.

#32 Ngamia Mzee

Wakuu nimerudi. Maji ya betri siku tatu, kijiti cha mwembe, miwani mbili juu ya pua.

Herufi ya tatu haipo. Nimetafuta juu, chini, kila mahali. Ni mbili tu na ua lake. Mwaka umeonekana, 1668. Nikageuza upande wa pili, kutu imeondoka kwenye maneno matatu katikati. Mjukuu kanisomea: HER HALF PENY. Peni imeandikwa na N moja. Nikamwambia soma tena lile la kwanza, ni HIS au HER? Kasoma tena. HER.

#33 Fundi Mizani

Mzee wangu, basi hakukuwa na mume wa kumwandika. Mjane, au mwanamke aliyejisimamia. Nusu peni ni yake peke yake, na yeyote aliyekuwa nayo alikuwa anamdai yeye.

#34 Bint Karani

Ngamia, kama utaiuza nianze mimi. Nitailipa kwa pesa halali, siyo kadi.